Taa Nyekundu Iliyopitwa Mara Nane

Tabora ni njia panda tangu kabla ya reli. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, ikapumzika, ikatafuta wapagazi wapya, kisha ikagawanyika: mmoja ukashika magharibi kwenda Ujiji, mwingine ukaelekea kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wasafiri wa karne ya 19 walioandika habari za misafara hiyo wameeleza jambo moja dogo. Kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya wote, akifika penye njia mbili aliiziba ile isiyofuatwa kwa tawi la majani mabichi, au alipiga mstari ardhini kwa mguu. Mpagazi aliyeachwa nyuma, pembe ya ndovu begani, alipoliona tawi alijua kwamba huko hakuendeki.

Taa nyekundu ya reli ni tawi hilo. Sasa tujiulize: wapagazi wanane, kwa nyakati tofauti, wakilikanyaga tawi lile lile na kupotea, kirangozi afanye nini? Awagombeze wote wanane, au arudi mwenyewe aangalie tawi limewekwaje? Kisa ninachokusimulia hapa kinahusu watu waliochagua kugombeza.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 ikitokea Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka 1914. Njia ya Mwanza ilikamilika mwaka 1928. Stesheni yetu ndipo treni ya bara inapokatwa: mabehewa ya Mwanza yaende kaskazini, ya Kigoma yaende magharibi, na ya Mpanda yakaachane na wenzake mbele, pale Kaliua. Sisi wa kata ya Kanyenye tunaijua honi ya kichwa cha treni kinachokwenda na kurudi usiku, kikiyapanga upya mabehewa, huku abiria wamejilaza juu ya mizigo yao wakisubiri kuambiwa wapande lipi.

Kanuni ya kazi yote hiyo ni moja: kipande kimoja cha reli, treni moja kwa wakati mmoja. Reli yetu ya kati ina njia moja. Kwa hiyo treni haitoki stesheni mpaka mkuu wa stesheni apate uhakika kwamba njia ya mbele ni nyeupe. Kama kuna nyingine inakuja, moja huingia pembeni kwenye njia ya kupishania na kusubiri. Huku kwetu kanuni hiyo inaeleweka hata kwa mtoto. Katika mji mkubwa, wenye njia sita au kumi zinazokatana, hakuna kichwa cha mtu kinachoweza kuyashika yote. Hapo mitambo huunganisha reli za kugeuzia na taa: njia ikishatengenezwa kwa ajili ya treni moja, treni nyingine yoyote ambayo ingeikata huwekewa nyekundu. Mitambo hiyo inafanya kazi nzuri sana. Lakini mwisho wa yote kuna mtu mmoja ndani ya chumba kidogo cha mbele, na macho yake mawili, ambaye lazima aione ile nyekundu.

Msiba wa reli tunaujua. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya 1,200 ilipata hitilafu ya breki mlimani, kati ya Msagali na Igandu, mkoani Dodoma. Ikarudi nyuma, ikashika kasi, ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake katika reli ile ile. Watu 281 walikufa. Familia za njia nzima ya bara ziliguswa. Na Juni 2022, treni iliyotoka Kigoma iliacha reli Malolo, hapa hapa Tabora, watu wanne wakapoteza maisha. Sitaki mtu adhani naenda kutafuta kisa Ulaya kwa sababu nyumbani hatuna vyetu.

Naenda London kwa sababu nyingine. Kisa cha huko kilichunguzwa hadharani, dalili moja baada ya nyingine, pamoja na barua na vikao vyake, mpaka tukaweza kuona siku ambazo ajali ingezuilika na haikuzuiliwa. Tena kinahusu jambo linalotujia sisi wenyewe: treni nyingi za abiria kuingia na kutoka katika stesheni moja iliyosongamana.

Stesheni hiyo ni Paddington, upande wa magharibi wa London. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia za kuingilia pale zilipangwa upya. Kati ya stesheni na mahali panapoitwa Ladbroke Grove palikuwa na njia sita, na karibu zote zilitengenezwa ili treni ziweze kupita kwenda au kurudi. Faida yake ilikuwa kubwa: mtu wa kuongoza treni, aliyekaa katika kituo cha Slough nje ya jiji, aliweza kuipenyeza treni popote penye nafasi. Treni za mbio za kutoka magharibi, treni za wafanyakazi wa vitongojini na, kuanzia mwaka 1998, treni za umeme za uwanja wa ndege wa Heathrow, zote zilipishana katika mlango huo mmoja mwembamba.

Nafasi iliongezeka, lakini mzigo uliongezeka kwenye macho ya dereva. Taa zilitundikwa juu ya fremu za chuma zilizovuka njia zote, kila njia na taa yake. Dereva anayetoka stesheni alipaswa kujua, akiwa katika mwendo, ipi kati ya taa zile zilizopangana ni yake, kwa kuwa treni yake ingeweza kuhamishwa njia zaidi ya mara moja ndani ya dakika mbili.

Moja ya taa hizo iliitwa SN109. Tuiite taa 109. Ilikuwa imekaa vibaya tangu ilipowekwa. Daraja la barabara liliificha, dereva akaiona akiwa tayari amekaribia. Nyaya za umeme na vishikio vyake, vilivyowekwa kwa ajili ya treni za Heathrow, vilikata tena kile kidogo kilichoonekana. Na umbo lake halikuwa la kawaida: nyekundu haikuwa katika safu moja wima na taa nyingine, iliwekwa kando, kushoto ya njano ya chini. Asubuhi jua likiwa chini, mwanga wake ulipita juu ya treni zinazoelekea magharibi na kupiga vioo vya taa usoni. Nani amewahi kutazama taa ya gari mchana, jua likiipiga, akawa na hakika kama imewashwa?

Kati ya Agosti 1993 na siku ya ajali, taa 109 ilipitwa ikiwa nyekundu mara nane. Mara nane katika miaka sita. Ilikuwa miongoni mwa taa zilizopitwa mara nyingi zaidi katika Uingereza nzima, na hilo halikuwa siri. Liliandikwa katika orodha zilizosomwa na wakubwa. Naomba msomaji usiipite haraka namba hiyo. Kila mara kati ya hizo nane palikuwa na dereva aliyeshtuka, breki zilizopigwa, taarifa iliyojazwa, na dereva aliyeitwa kuhojiwa. Mara nyingi jibu lililopatikana lilikuwa kwamba dereva hakuwa makini. Dereva akapewa onyo au mafunzo, faili likafungwa, na taa ikabaki pale pale chini ya daraja.

Hapo ndipo ninapojitazama. Kuandika kwamba mtu fulani hakuwa makini ni jibu rahisi na linamaliza kikao mapema. Ningekuwa mimi nimekaa pale, na saa ya kwenda nyumbani imefika, sina hakika kwamba ningesema, "Subirini jamani, huyu ni wa tano sasa, mbona wote wanakosea mahali pamoja?" Ni swali linaloudhi. Linageuza kosa la mtu mmoja wa chini kuwa kazi ya watu wengi wa juu, na kazi hiyo ina gharama.

Kuna aliyeuliza. Mwaka 1998 mkurugenzi wa uendeshaji na usalama wa mojawapo ya kampuni zilizopitisha treni pale alimwandikia mwenye reli, akitaja taa hiyo kwa namba yake na kuuliza inafanyiwa nini. Aliandika zaidi ya mara moja. Jibu la kuridhisha hakulipata. Wakati huo reli ya Uingereza ilikuwa imegawanywa: reli na taa zilikuwa za kampuni moja, treni zilikuwa za kampuni nyingine nyingi. Barua ilitoka nyumba moja ikaingia nyingine, na huko hakukuwa na mtu mmoja ambaye, asipoijibu, ataulizwa.

Viliundwa vikundi vya kushughulikia taa zinazopitwa, zaidi ya kimoja. Vilikutana. Mapendekezo yaliandikwa na kuhamishwa kutoka kikao hadi kikao. Kanuni zenyewe zilitaka kamati ya watu wanaojua kazi iende kwenye reli, isimame mahali anapokaa dereva, na itazame kama taa inaonekana ipasavyo. Kwa taa 109 kamati hiyo haikuitishwa, hata baada ya mara nane. Nimelifikiria hili kuliko mengine yote katika kisa hiki. Dawa ya kwanza haikuhitaji mashine mpya wala mkopo. Ilihitaji watu wachache waende wakaangalie.

Dalili nyingine ilitokea kwenye reli hiyo hiyo ya kuingia Paddington. Tarehe 19 Septemba 1997, pale Southall, treni ya mbio ilipita taa nyekundu ikagonga treni ya mizigo, watu saba wakafa. Kifaa cha kumwonya dereva kilikuwa kimezimwa kwa ubovu siku ile. Nchi nzima ilizungumza juu ya vifaa vinavyoweza kusimamisha treni vyenyewe dereva akikosea. Vilikuwapo, vilijulikana tangu zamani, na viliahirishwa kwa sababu hesabu zilionyesha kwamba fedha zingekuwa nyingi kuliko maisha yatakayookolewa. Kampuni ambayo treni yake ndogo ingehusika miaka miwili baadaye nayo ilipima, ikaona haitavifunga.

Tufike siku yenyewe. Jumanne, tarehe 5 Oktoba 1999, saa 2 na dakika 6 asubuhi, treni ya mabehewa matatu iliondoka Paddington kuelekea magharibi. Anga ilikuwa safi na jua lilikuwa chini, nyuma yake. Dereva alikuwa na umri wa miaka 31, na alikuwa amefuzu majuma mawili tu yaliyopita. Katika mafunzo yake hakuonyeshwa taa 109 kuwa ni taa yenye sifa mbaya. Wazee wa njia ile waliijua. Elimu hiyo ilikaa vichwani mwao, haikuwa katika somo alilopewa kijana.

Aliipita taa ya njano, iliyomwambia kwamba inayofuata ni nyekundu. Ndani ya chumba chake honi ililia, akabonyeza kitufe kukubali kwamba ameisikia. Akafika taa 109. Honi ikalia tena, akabonyeza tena. Na hapa kuna jambo la kutisha katika udogo wake: sauti ya honi kwa njano na sauti ya honi kwa nyekundu ilikuwa moja. Dereva wa mjini huisikia mara nyingi kila siku, na mkono huzoea kubonyeza kabla akili haijatafsiri. Hakusimama. Aliongeza mwendo. Tume iliyochunguza iliona kwamba inaelekea sana aliamini ameruhusiwa, kwa jinsi taa ile ilivyoonekana na jua lilivyoipiga. Yeye mwenyewe hakuishi kueleza.

Slough waliona kwenye kioo cha mtambo kwamba treni imepita nyekundu. Waliokuwa kazini walikuwa na uzoefu kwamba dereva akikosea hivyo, hujishtukia na kusimama baada ya mita chache. Ndivyo ilivyokuwa mara zilizopita. Wakasubiri kidogo kuona kama atasimama. Hakuna aliyekuwa amewafanyisha mazoezi ya tukio kama hilo kwenye mtambo wa kujifunzia. Walipobadilisha taa ya mbele ya treni iliyokuwa ikija iwe nyekundu, muda ulikuwa umekwisha. Reli za kugeuzia nazo, mbele ya taa 109, zilikuwa zimekaa kwa namna iliyoipeleka treni iliyokosea moja kwa moja kwenye njia kuu ya treni zinazoingia. Zingeweza kupangwa ziielekeze pembeni, mahali salama.

Treni ya mbio iliyotoka Cheltenham alfajiri ilikuwa inakuja. Zaidi kidogo ya nusu kilometa kutoka taa 109, zikakutana uso kwa uso, kasi zao zikijumlishwa zikiwa zaidi ya kilometa 200 kwa saa. Mafuta ya dizeli yalitawanyika hewani na kuwaka. Walikufa watu 31, wakiwamo madereva wote wawili. Waliojeruhiwa walikuwa zaidi ya 400, wengine kwa moto ambao wameendelea kubeba alama zake. Wengi walikuwa watu waliokuwa wakienda kazini.

Uchunguzi uliongozwa na jaji Mskoti, Lord Cullen, na ripoti zake zilitoka mwaka 2001. Haukuishia kwa dereva kijana. Ulipanda ngazi hadi kwa mwenye reli, kwa waliosanifu njia, kwa waliofundisha, na kwa wakaguzi wa serikali waliojua mengi na kuharakisha machache. Kampuni ya treni ile ndogo ilitozwa faini ya pauni milioni 2 mwaka 2004, na aliyerithi reli alitozwa pauni milioni 4 mwaka 2007. Kifaa cha kusimamisha treni inayopita nyekundu kilifungwa nchi nzima kufikia mwisho wa mwaka 2003, na kilikuwa rahisi kuliko kile kilichoahirishwa. Waswahili tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa uliachwa uonekane kwa miaka sita, na ulikuwa umepewa namba.

Kwa nini niwasimulie haya watu wa Tabora? Kwa sababu reli yetu inabadilika mbele ya macho yetu. Dar es Salaam ilianza kuwa na treni ya mjini Oktoba 2012, ile watu waliyoiita treni ya Mwakyembe, na ile ya kati ya Stesheni na Ubungo ilitumia reli ambayo treni za bara na za mizigo nazo huitegemea. Treni za umeme za reli mpya zilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi uliofuata. Vipande vya Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka na Tabora hadi Kigoma vimeingia katika ujenzi. Vikikamilika, Tabora itakuwa tena njia panda kubwa, na safari hii treni hazitakuwa zile ambazo mtu huweza kuzikimbilia zikianza kuondoka.

Mitambo mipya itatusaidia sana, nami naifurahia kwa moyo wote. Lakini Paddington nayo ilikuwa na mitambo mipya. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kuitwa jina pale taa ileile inapoandikwa katika daftari kwa mara ya pili. Ndugu zangu mnaofanya kazi stesheni, nawaomba msione haya kuandika yale yaliyokaribia kuwa na hayakuwa. Treni iliyosimama ikiwa imevuka taa hatua chache, reli ya kugeuzia iliyogoma kidogo kisha ikakubali, taa inayofichwa na mti wa mwembe ulionawiri masika: hayo ndiyo yenye thamani, kwa kuwa bado hayajaua mtu. Na nyinyi mnaopokea taarifa hizo ofisini, kijana akija na habari ya namna hiyo, msianze kwa kumuuliza kama alikuwa na usingizi. Nendeni mkasimame alipokuwa amesimama, saa ile ile, mtazame.

Sisi abiria pia tuna sehemu yetu. Treni ikichelewa kwa sababu taa fulani inakaguliwa, tunanung'unika hadi wakuu wanaona aibu kukagua. Nami nikiwa na mgonjwa katika hospitali ya Bugando au mzigo wa asali unaosubiriwa Dar, nitatamani treni iondoke tu. Tukubali kuchelewa huko, na tukubali kuuliza. Kikao cha kwanza cha wananchi kitakachoitishwa kuhusu stesheni mpya, mbali na fidia, ajira na majina ya wazabuni, tuulize haya pia: taa zikipitwa zinaandikwa na nani, taarifa inafikishwa kwa nani, ana siku ngapi za kujibu, na madereva wapya wanaonyeshwa lini mahali ambapo wenzao wamewahi kukosea.